Namba tasa yenye tarakimu milioni 41: jinsi ya kuikagua kwa kalamu na kikokotoo cha simu

Namba tutakayoikagua ni hii:

2^136279841 − 1

Maana yake: panga mbili 136,279,841 kwenye mstari, zizidishe zote, kisha toa 1. Ile 136,279,841 ndiyo kipeo, na humu nitaiita p. Namba hii ilitangazwa tarehe 21 Oktoba 2024 na GIMPS, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 ambapo watu wa kujitolea wanaziachia kompyuta zao ziwinde namba za umbo hili. Aliyeipata ni Luke Durant wa San Jose, Marekani, na siku ilipotangazwa hakukuwa na namba tasa nyingine inayojulikana iliyokuwa kubwa kuliko hiyo. Ukitaka kuichapa kwa tarakimu 3,000 kila ukurasa, andaa kurasa zaidi ya 13,600.

Hatutaichapa. Karibu kila kitu unachoweza kutaka kujua kuhusu namba hii kimo ndani ya kipeo chake, na kipeo kina tarakimu tisa tu. Tarakimu za mwanzo, za mwisho, baki lake ukiigawa kwa 7, hata jumla ya tarakimu zake zote milioni 41 ukizikunja hadi ibaki moja: vyote utavipata kwa kalamu, karatasi na kikokotoo.

Tutakuwa pia na mdogo wake, 8191, ambaye ni 2^13 − 1. Kila kanuni tutaijaribu kwake kwanza, kwa sababu yeye tunamwona wote. Usiikubali kanuni yoyote kwa lile jitu kabla haijakubali kwa 8191.

Hatua ya 1: Itazame kama mashine inavyoiona

Kwenye kompyuta namba huandikwa kwa 0 na 1 tu. Humo 2^13 huwa 1 ikifuatwa na sifuri 13, na ukitoa moja unapata 1 kumi na tatu mfululizo:

8191 = 1111111111111

Jitu letu ni hivyohivyo, ila moja zake ni 136,279,841 bila hata sifuri moja katikati. Namba za umbo hili huitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Orodha ile ilikuwa na makosa; tutaligusa moja baadaye.

Picha hii ya moja mfululizo inakupa mara moja sharti la kwanza: kipeo lazima chenyewe kiwe tasa. Chukua 2^15 − 1, yaani moja kumi na tano. Kwa kuwa 15 ni 3 mara 5, unaweza kuzikata tatu-tatu:

111 111 111 111 111

Kila kipande ni 111, yaani 7. Kwa hiyo 7 inaigawa. Zikate tano-tano, kila kipande ni 31, nayo inaigawa. Kweli 32,767 ni 7 × 31 × 151. Kipeo kinachokatika vipande sawa kinaiponza namba nzima.

Je, 136,279,841 ni tasa? Jumla ya tarakimu zake ni 41, basi haigawiki kwa 3. Kwa 7 inabaki 5, kwa 11 inabaki 5 tena. Ungeendelea hadi 11,673, maana kipeuo chake cha pili hakifiki 11,674, na njiani ungekutana na namba tasa karibu 1,400. Kazi hiyo mwachie mashine. Jibu ni ndiyo.

Ila kipeo kuwa tasa hakutoshi. Kipeo 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 ni 2047, ambayo ni 23 × 89. Wengi huteleza hapa: wanasoma sharti kisha wanaligeuza kuwa uthibitisho.

Hatua ya 2: Hesabu tarakimu na upate zile za mwanzo

Hapa tunatumia logi ya 2, yaani kipeo unachompa 10 ili upate 2, ambayo ni 0.301029995664. Zidisha p kwa logi hiyo. Sehemu nzima ya jibu, ukiongeza 1, ni idadi ya tarakimu. Sehemu ya desimali inakupa tarakimu za mwanzo.

Kwa 8191: 13 × 0.30103 ni 3.913. Tatu jumlisha moja ni tarakimu nne. Ukipandisha 10 kwa kipeo 0.913 unapata karibu 8.19. Imekubali.

Kwa jitu letu, kikokotoo kingi cha simu hukata tarakimu ukizidisha kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo ivunje logi vipande vitatu:

136,279,841 × 0.3 = 40,883,952.3
136,279,841 × 0.001 = 136,279.841
136,279,841 × 0.000029995664 = 4,087.80432

Jumla ni 41,024,319.94532. Ongeza 1 kwenye sehemu nzima: tarakimu 41,024,320. Kisha 10 kwa kipeo 0.94532 ni 8.8169 na ushee, basi namba inaanza na 8816. Ukitaka tarakimu zaidi kwa uhakika, ongeza desimali za logi.

Kule kutoa 1 mwishoni hakuharibu hesabu ya tarakimu. Ingeharibu kama 2^p ingekuwa 1 ikifuatwa na sifuri tupu, na hakuna kipeo cha 2 (yaani 2, 4, 8, 16 na kuendelea) kinachoishia na sifuri, kwa kuwa hakina 5 ndani yake.

Mara ya kwanza kufanya hesabu hii nilitumia 0.30103, ile tuliyoizoea shuleni. Nikapata 41,024,320.536, maana yake tarakimu 41,024,321, namba inayoanza na 3. Nilikagua kuzidisha kwangu mara tatu na kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye desimali ya tisa ya logi: ukilizidisha kosa dogo kiasi hicho kwa milioni 136, linakuwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo tumia desimali 12 au zaidi. Hata kumi hazitoshi. Zitakupa idadi sahihi ya tarakimu lakini ya pili kutoka mwanzo itakuwa si yenyewe.

Hatua ya 3: Tarakimu za mwisho

Andika vipeo vya 2 mfululizo: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256. Tazama tarakimu ya mwisho tu: 2, 4, 8, 6, 2, 4, 8, 6. Inazunguka kila baada ya hatua nne. Gawa p kwa 4; zinatosha tarakimu mbili za mwisho, 41, na baki ni 1. Basi 2^p inaishia na 2, na jitu letu linaishia na 1.

Tarakimu mbili za mwisho huzunguka kila hatua 20. Gawa p kwa 20, baki ni 1. Hapa kuna mtego. Ukikimbilia kusema "2^1 ni 02, toa 1, basi inaishia na 01", umeanguka. Mzunguko wa tarakimu mbili hauanzii 2^1 bali 2^2, kwa sababu kuanzia hapo ndipo namba zote zinagawika kwa 4. Ile 02 ya mwanzo hairudi tena. Kwa baki 1 tumia 2^21, ambayo ni 2,097,152. Inaishia na 52, toa 1: 51.

Tarakimu tatu huzunguka kila hatua 100, kuanzia 2^3. Baki la p kwa 100 ni 41, nayo 2^41 ni 2,199,023,255,552. Toa 1 kwenye 552, unapata 551.

Basi namba yetu ni 8816…551, na katikati kuna tarakimu 41,024,313 ambazo hatujaziona wala hatujazihitaji.

Hatua ya 4: Mabaki

Ujanja ni uleule wa mzunguko. Kwa 7, vipeo vya 2 vinaacha mabaki 2, 4, 1, kisha vinarudia. Gawa kipeo kwa 3 uone umesimama wapi. Kwa 8191: 13 kwa 3 inabaki 1, tunasimama kwenye 2, toa 1, baki ni 1. Thibitisha: 7 × 1170 ni 8190. Sawa. Kwa jitu: p kwa 3 inabaki 2, tunasimama kwenye 4, toa 1, baki ni 3.

Linalonifurahisha zaidi ni 9. Mtu akijumlisha tarakimu zote za namba, kisha tarakimu za jumla hiyo, mpaka ibaki tarakimu moja, anapata baki la namba hiyo kwa 9 (na kama baki ni sifuri, anapata 9). Mabaki ya vipeo vya 2 kwa 9 ni 2, 4, 8, 7, 5, 1. Mzunguko una hatua sita. Kwa 8191, 13 kwa 6 inabaki 1, tunasimama kwenye 2, toa 1 tunapata 1. Jumlisha uone: 8 + 1 + 9 + 1 = 19, 1 + 9 = 10, 1 + 0 = 1. Sasa p kwa 6 inabaki 5. Cha tano kwenye orodha ni 5. Toa 1, unapata 4. Mtu akikaa akajumlisha tarakimu zote milioni 41 na kuikunja jumla hadi mwisho, atafika kwenye 4. Akifika kwingine, amekosea njiani.

Kwa 3 baki ni 1, kwa 4 ni 3, kwa 8 ni 7. Haya matatu yashike, tunayatumia sasa hivi.

Hatua ya 5: Miraba mingapi?

Namba kama 13 ni 9 + 4, yaani jumla ya miraba miwili. Jitu letu je? Mraba wowote ukigawa kwa 4 huacha 0 au 1, basi miraba miwili haiwezi kuacha 3. Letu linaacha 3, kwa hiyo miraba miwili haitoshi. Mitatu? Mraba wowote kwa 8 huacha 0, 1 au 4. Jaribu kujumlisha tatu kati ya hizo kwa kila namna, 7 haitokei. Letu linaacha 7. Mitatu nayo imekataa. Mwanahisabati Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba miraba minne hutosha kwa namba yoyote, basi letu linahitaji minne kamili, kama 7 inavyohitaji 4 + 1 + 1 + 1.

Jirani yake wa juu, ukiruka mbili, hawezi kuwa tasa: baki kwa 3 ni 1, ongeza 2, inagawika kwa 3.

Hatua ya 6: Kigawo kingekuwaje, kama kingekuwepo

Hapa usipite haraka. Tuseme namba tasa q inaigawa 2^p − 1. Basi 2^p kwa q inaacha 1. Mwanahisabati Fermat anatuambia 2^(q−1) nayo kwa q inaacha 1. Mizunguko hii miwili lazima ikubaliane, na kwa kuwa p ni tasa, njia pekee ni p kuigawa q − 1. Na q ni witiri. Kwa hiyo q lazima iwe na umbo 2kp + 1.

Kuna sharti la pili. Kama 2^p inaacha 1, basi 2^(p+1) inaacha 2. Lakini p + 1 ni shufwa, maana yake 2^(p+1) ni mraba. Kwa hiyo kuna mraba unaoacha 2 ukigawa kwa q, na hilo hutokea tu pale q ikigawanywa kwa 8 inapoacha 1 au 7.

Leta 8191. Vigawo vyake lazima viwe 26k + 1, na tunatafuta hadi 90 tu kwa kuwa kipeuo chake cha pili ni 90 na kitu. Wagombea ni 27, 53 na 79. Kwa 8, 27 inaacha 3: nje. 53 inaacha 5: nje. 79 inaacha 7: abaki. Gawa: 79 × 103 ni 8137, linabaki 54. Kwisha. Umethibitisha kwamba 8191 ni tasa kwa mgawanyo mmoja.

Mwanahisabati Euler alitumia masharti haya haya kwa 2^31 − 1, yaani 2,147,483,647, na mwaka 1772 akamwandikia mwenzake Bernoulli kwamba ni tasa. Vigawo vyake vingelazimika kuwa 248n + 1 au 248n + 63, na hadi 46,340 namba za namna hiyo ni 373 tu, tena nyingi si tasa. Alizigawa kwa mkono.

Nilisema tutagusa kosa la Mersenne. Aliiweka 67 kwenye orodha yake ya vipeo vinavyozaa namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba 2^67 − 1 si tasa, ila bila kupata kigawo hata kimoja. Frank Nelson Cole akavipata mwaka 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kikague cha kwanza kwa masharti yetu: toa 1, gawa kwa 134, unapata 1,445,580 bila baki. Kwa 8 kinaacha 1. Cha pili kwa 8 kinaacha 7. Vyote viwili vimetii.

Kwa jitu letu, mgombea wa kwanza ni 2p + 1 = 272,559,683. Kwa 8 inaacha 3, nje. 4p + 1 inaacha 5, nje. 6p + 1 = 817,679,047 inaacha 7, huyu angestahili kujaribiwa. Lakini wagombea hawa wangeendelea hadi namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 20. Kuchuja huku kunafaa kuondoa namba mbovu mapema, hakuwezi kumaliza kazi. Ndiyo maana ya hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Kipimo cha Lucas na Lehmer

Wazo la Lucas lilirekebishwa na Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, na ni fupi ajabu. Anza na 4. Ipige mraba, toa 2, chukua baki kwa 2^p − 1. Rudia. Fanya hivyo mara p − 2 kwa jumla. Ukiishia na sifuri, namba ni tasa. Usipoishia na sifuri, si tasa.

Kwa 127, yaani 2^7 − 1, unahitaji hatua tano:

4 → 14
14 → 194, baki 67
67 → 4487, baki 42
42 → 1762, baki 111
111 → 12,319, ambayo ni 127 × 97 kamili, baki 0

Ni tasa. Sasa fanya 2047 mwenyewe, hatua tisa. Ukienda sawa utapita 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282 na kuishia 1736. Si sifuri, basi si tasa, na hukuhitaji kuzijua 23 na 89.

Angalia baki la kabla ya mwisho kwenye 127: ni 111, yaani 127 − 16, na 16 ni 2^4. Namba ikiwa tasa, kabla ya sifuri daima utaona 2^((p+1)/2) au pengo lake hadi kwenye namba yenyewe. Kwa 2^31 − 1 ni 65,536. Ukifanya kwa mkono, hiki ni kidokezo kizuri kwamba hujapotea njia.

Kwa jitu letu hatua ni 136,279,839, kila moja ikiwa ni kupiga mraba namba ya tarakimu milioni 41. Mashine ya kwanza, iliyokuwa Dublin, haikuanza na kipimo hiki. Ilitumia kipimo kingine kinachosema "huenda ni tasa", tarehe 11 Oktoba 2024. Kesho yake mashine nyingine huko San Antonio, Texas, ikamaliza kwa Lucas na Lehmer, ikapata sifuri. Zote mbili zilitumia chipu za michoro, zile GPU, na ilikuwa mara ya kwanza namba tasa ya Mersenne kupatikana kwa chipu za aina hiyo.

Ukiwa na Python, lugha ya kuandikia programu, kipimo chote ni mistari hii:

def ni_tasa(p):
    s, M = 4, 2**p - 1
    for i in range(p - 2):
        s = (s*s - 2) % M
    return s == 0

Mpe vipeo tasa kuanzia 3. Jaribu 61, 89, 107 na 127, vyote vitakubali, 67 itakataa. Vipeo vya elfu kadhaa havimsumbui. Usimpe 136279841. Badala yake andika pow(2, 136279841, 1000) - 1 na uone kama anakujibu 551 tuliyoipata kwa kalamu. Jibu linatoka kabla hujaondoa kidole.

Hatua ya 8: Pacha wake kamilifu

Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha kwamba kila 2^p − 1 iliyo tasa, ukiizidisha kwa 2^(p−1), unapata namba kamilifu. Euler akathibitisha kwamba kamilifu zote za shufwa hutoka humo. Ya jitu letu ina tarakimu 82,048,640: zidisha logi kwa 2p − 1 uone. Inaishia na 6, kwa kuwa p − 1 inagawika kwa 4, hivyo 2^(p−1) inaishia na 6, mara 1. Na ukizikunja tarakimu zake zote hadi ibaki moja: 2^(p−1) kwa 9 inaacha 7, jitu lenyewe linaacha 4, 7 × 4 ni 28, 2 + 8 ni 10, inabaki 1.